Kumuuliza mwalimu wako sio kumkosea adabu

Swali nalifupisha, dada aliyeniandikia ameniruhusu: "Nina miaka sita kwa mwalimu wangu wa kiroho. Nilienda kwake nikiwa sina usingizi, nimevunjika kabisa, na kwa kweli alinisaidia, zile ibada na mazoezi ya ukimya vilinirudishia uhai. Mwaka huu kwenye kikao niliuliza michango ya jengo imefikia wapi. Hakujibu. Wiki iliyofuata akafundisha kuhusu ugonjwa wa shaka, akasema mfuasi wa kweli anakuwa kama maiti mikononi mwa mwoshaji, akatoa na kisa cha Musa na Khidhri, na kila mtu akajua ananisema mimi. Tangu hapo wenzangu wananikwepa. Je, kuuliza ni kukosa imani? Na nitajuaje kama tatizo ni yeye au ni moyo wangu?"

Dada yangu, pole sana. Naanza na la kwanza maana halihitaji kuzungushwa: hapana, kuuliza sio kukosa imani, na nitakuonyesha kwa kutumia vitu hivihivi alivyokusomea yeye. La pili, lile la moyo wako, ndo gumu na ndo nitakaa nalo zaidi, kwa sababu nimekaa miaka mingi na watu waliotoka kwa walimu wa aina hii na wengine ambao bado wapo, na karibu wote hilo ndo swali linalowanyima usingizi. Hawaulizi sana "ananidanganya?" wanauliza "au mimi ndo mbaya?"

Sasa tuanze na maiti. Huo msemo ni wa zamani kweli, hakuutunga yeye. Lakini hebu angalia ulikotoka. Unanukuliwa kutoka kwa Sahl al-Tustari, mmoja wa masufi (Waislamu wa njia ya ndani ya kiroho) wakubwa wa karne ya 9, na alikuwa anazungumzia tawakkul, yaani mja kumtegemea Mungu. Alisema daraja la kwanza la kutegemea ni mja kuwa mbele ya MUNGU kama maiti mbele ya mwoshaji, anageuzwa atakavyo. Mbele ya Mungu! Baadaye, kadiri twarika, yaani vyama vya masufi, zilivyojipanga, msemo ukahamishwa ukawekwa kwa shehe na muridi (mfuasi) wake, na wako mashehe waliotumia kwa uangalifu na kwa uchaji, sikatai. Ila kuhama kule si jambo dogo. Ukimtoa Mungu kwenye sentensi ukaweka binadamu anayeshika michango ya watu, hiyo sio sentensi ileile tena hata kama maneno hayajabadilika.

Na cha ajabu, Wakristo nao wana mfano huohuo. Ignatius wa Loyola, yule aliyeanzisha shirika la Wajesuiti karne ya 16, kwenye katiba ya shirika aliandika mtawa awe mikononi mwa mkubwa wake kama maiti, ibebwe popote. Watu wananukuu hapo wanaishia hapo. Lakini maandiko yenyewe yanaweka mpaka, kwamba utii huo ni pale ambapo haionekani dhambi. Kwa hiyo hata Ignatius na mfano wake wa maiti aliiachia ile maiti macho ya kuona dhambi iko wapi. Na Waislamu wanayo hadithi inayojulikana na kila mtu, hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Sasa mtu hawezi kujua kama anaamriwa maasi au la kama haruhusiwi kuangalia wala kuuliza, si ndio? Utii wenye mpaka unahitaji mtu aliye macho.

Tuje kwenye Musa na Khidhri, na hapa naomba unisome taratibu maana kisa hiki kimeumiza watu wengi sana kwa kusimuliwa nusu. Ni kweli kabisa, katika Surat al-Kahf ya Kurani Musa anamfuata mja wa Mungu, ndo huyo Khidhri, ili ajifunze kwake, na yule mja anamwambia ukinifuata usiniulize kitu. Lakini aya haiishii hapo, inaendelea "mpaka mimi mwenyewe nianze kukueleza". Yaani ahadi ya maelezo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ukimya ulikuwa na mwisho. Halafu Musa akauliza mara tatu, na mara mbili za kwanza alikumbushwa tu masharti, hakutangazwa kwa watu kwamba ana ugonjwa, hakutengwa. Mara ya tatu waliachana, ndio, lakini kabla hawajaachana akaelezwa KILA KITU, jahazi kwa nini lilitobolewa, kijana kwa nini aliuawa, ukuta kwa nini ulijengwa, moja baada ya jingine, na mwisho akaambiwa "sikuyafanya haya kwa amri yangu". Na tena waliachana kwa amani, hakuna mahali Musa ametishiwa kwamba akiondoka ataangamia. Na kitu kimoja ambacho wasimuliaji wengi wanakiruka: ule ukuta ulijengwa bure. Watu wa mji ule waliwanyima hata chakula, Musa akashangaa akasema ungetaka ungechukua ujira, na hakuchukua. Kwa hiyo mtu akitumia kisa hiki kukunyamazisha kuhusu hela za michango, dada yangu, amechagua kisa ambacho mwalimu hakupokea hata senti.

Na hata ukiacha yote hayo, Khidhri kwa mujibu wa Kurani alipewa elimu kutoka kwa Mungu moja kwa moja, wanazuoni wengi wanamhesabu nabii. Mwalimu wako anadai hivyo? Kama anadai, hilo ni swali kubwa kuliko jengo. Kama hadai, basi kisa hicho hakimpi cheo ambacho hana.

Nataja na upande mwingine kwa sababu najua wasomaji wangu sio wa dini moja. Wanaokaa makanisani wanapigwa na "msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu, Zaburi ya 105. Soma mistari iliyo juu yake. Inazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wanatangatanga, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Ni maneno ya kumlinda mnyonge asionewe na mwenye nguvu, leo yanatumika kumlinda mwenye nguvu asiulizwe na mnyonge. Na Daudi, ambaye kweli alikataa kumgusa mfalme Sauli aliyekuwa anamwinda, alifanya nini? Alikata upindo wa vazi lake, akatoka pangoni, akamwita kwa sauti mbele ya watu akamwambia wazi unanikosea. Alafu hakurudi naye ikulu. Hakumdhuru, hakunyamaza, na hakujirudisha kwenye mkono wake. Hayo mambo matatu yanawezekana kwa pamoja.

Ukiniuliza mimi ni kisa gani kingekufaa zaidi, ni kile cha Ibrahimu kwenye Surat al-Baqara, alipomwambia Mungu nionyeshe unavyohuisha wafu. Akaulizwa, kwani huamini? Akajibu naamini, lakini ili moyo wangu utulie. Na akajibiwa! Hakuambiwa ana shaka, alipewa maelekezo ya ndege wanne afanye aone kwa macho yake. Swali lako wewe kuhusu jengo lilikuwa la namna hii, ulitaka moyo utulie. Kama Mungu mwenyewe hakukasirikia swali la namna hiyo kutoka kwa rafiki yake, mimi siwezi kuelewa kwa nini mwalimu akasirike.

Walimu wakubwa kwa kweli wanatangulia wao kuomba wachunguzwe. Abubakari aliposhika ukhalifa, yaani uongozi wa Waislamu baada ya Mtume, alisimama mbele ya watu akasema mimi sio mbora wenu, nikifanya vizuri nisaidieni, nikikosea ninyoosheni. Kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mungu Krishna anamwambia mwanafunzi wake Arjuna elimu hii utaipata kwa kunyenyekea, kwa kuuliza na kwa kutumikia, kuuliza kumewekwa katikati ya unyenyekevu na utumishi, hakukutolewa nje, na mwishoni kabisa baada ya mafundisho yote anamwambia litafakari lote kisha fanya utakavyo. Buddha ndo alienda mbali zaidi, yapo mafundisho yake, sutta (hotuba) ya 47 katika mkusanyo uitwao Majjhima, ambapo anawaambia watawa wamchunguze YEYE, wamtazame kwa macho na wasikilize kwa masikio, waone kama kuna uchafu katika mwenendo wake, wasiridhike haraka, waangalie kama ni tabia ya muda mrefu au ya juzi. Na kuna kipengele kimoja ambacho nimekisoma mara nyingi na kila mara kinanigusa, anasema waangalie pia mtu akishapata jina na wafuasi anakuwaje, maana kuna hatari ambazo hazionekani kwa mtu mpaka awe maarufu. Miaka elfu mbili na zaidi iliyopita, na ni kama anaongea leo.

Sasa, la moyo wako.

Ulisema alikusaidia. Naamini. Sitaki uanze kujilazimisha kusema miaka sita yote ilikuwa uongo, watu wengi wakipata mashaka wanafanya hivyo wanajikuta wametupa na usingizi wao na sala zao na kila kitu, inabaki tundu. Ila tenganisha vitu viwili. Ile amani uliyoipata, ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kukaa kimya kila siku, kupumua taratibu, kusali kwa mpangilio, kuimba na watu, kusamehe, kulala mapema, kuacha vitu vilivyokuwa vinakula roho yako. Kazi hiyo uliifanya WEWE. Yeye alikuonyesha njia na anastahili shukrani kwa hilo, shukrani ya kweli kabisa. Lakini aliyekuonyesha kisima sio mwenye maji. Nakwambia hivi kwa sababu wale waliokaa muda mrefu karibu wote wanaamini wakiuliza sana watafukuzwa na wakifukuzwa amani itaisha, kwa hiyo wanalipia amani kwa kunyamaza, na ukimya wa woga ukikaa sana unaanza kufanana na utulivu, mpaka mtu mwenyewe anashindwa kutofautisha.

Na uzuri wa matunda yake sio cheti cha kila kitu. Hapa nakutajia mtu mmoja maana ameniwazisha sana. Jean Vanier alianzisha mwaka 1964 huko Ufaransa jumuiya za L'Arche, ambapo watu wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanaishi nyumba moja, zikaenea nchi nyingi, kazi nzuri kweli na bado inaendelea. Watu walimuona mtakatifu aliye hai. Alifariki 2019. Mwaka 2020 L'Arche wenyewe wakatoa ripoti ya uchunguzi kwamba aliwatumia kingono wanawake sita aliokuwa anawalea kiroho, akitumia lugha ya sala na ya siri takatifu, na uchunguzi mkubwa zaidi wa 2023 ukafikisha angalau 25, kuanzia miaka ya 1950. Na mwalimu wake mwenyewe, padri Thomas Philippe, alikuwa ameshaadhibiwa na kanisa lake mwaka 1956 kwa mambo kama hayo, na Vanier alikuwa anajua. Siandiki hivi kukutia hofu kwamba mwalimu wako yuko hivyo, sina habari yoyote ya namna hiyo na wewe hujasema. Naandika kwa sababu wale wanawake nao walikuwa wanajiuliza "au ni moyo wangu?" Walikuwa wanaona kazi yake nzuri kwa macho, kwa hiyo kila kitu kilipowashtua walijilaumu wao. Na naandika pia kwa sababu L'Arche waliuliza wenyewe, waliajiri watu wa nje wachunguze, wakachapisha majibu yanayouma. Jumuiya haikufa kwa kuulizwa.

Upande wa pili lazima niuseme, ningekuwa nakudanganya nikiuacha. Kuna maswali ambayo ni kukimbia. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi kuna kipindi mwalimu wangu mmoja aliniambia niende nikapatane na ndugu yangu tuliyekuwa hatuongei, nikaanza kumuuliza maswali ya elimu, dalili ya hili iko wapi, fulani amesema vile, wiki nzima. Akanisikiliza akajibu yote, alafu akasema "umeshaenda?" Sikuwa nimeenda. Maswali yangu yalikuwa ya kweli kwenye karatasi lakini yalikuwa ukuta wa kujificha. Kwa hiyo jichunguze, ni haki. Njia ninayoitumia mimi ni hii: kama ningepata jibu zuri leo, lililo kamili, ningefanya nini kesho? Kama jibu lingekutuliza ukaendelea na kazi yako, swali ni la kutafuta. Kama hata jibu zuri lingekufanya utafute swali lingine, kuna kitu kingine chini yake, kitafute hicho. Lakini dada, ulichouliza wewe ni hela za jengo. Hilo lina jibu. Ni daftari na risiti. Hakuna siri ya kiroho kwenye risiti.

Na angalia pia tofauti kati ya huyo mwalimu wangu na yaliyokupata. Aliniambia faragha, aliniambia kitu kilichoniuma lakini kilinipeleka kwa ndugu yangu, hakikunipeleka kwake. Mwalimu mzuri anaweza kukukera sana. Anaweza kukwambia subiri, hujawa tayari kwa hili, na akawa sahihi. Kinachonipa mimi presha sio ugumu wake, ni ugumu huo unaishia mfukoni kwa nani, kitandani kwa nani, na unakuacha na watu wengi zaidi au wachache zaidi. Wewe umebaki na wachache, na kosa lako ni kuuliza risiti.

Imani yenyewe haipaswi kutolewa yote kwa mpigo, hili naona watu hawafundishwi. Unaweza kumwamini mtu kabisa kwenye tafsiri ya maandiko na usimwamini kwenye hesabu, kwa sababu hajasomea hesabu wala hajawahi kuonyesha. Unaweza kumwamini akufundishe kusali na asiwe na neno kwenye nani umuoe, dawa gani umeze, simu yako nani aipekue. Mtu akikwambia imani ni yote au si kitu, anachokiomba hapo sio imani, ni kukumiliki.

Sasa ufanyeje. Mimi ningekushauri usiondoke kesho kwa hasira na usibaki kwa woga, uulize tena mara moja, vizuri. Muombe kuonana naye, ana kwa ana, sio kwenye grupu la meseji na sio kwenye kikao, na nenda na mtu mmoja unayemwamini, afadhali asiwe wa kundi lenu. Mshukuru kwa yale aliyokufanyia kwa sababu ni kweli. Alafu sema sentensi mbili tu, kwamba ungependa kuona mahesabu ya michango, na kwamba yale mafundisho mbele ya watu yalikuumiza. Nyamaza. Usijitetee, usimtajie aya, hata hizi nilizokuandikia usizitumie kama fimbo.

Jibu atakalotoa ni muhimu ila sio muhimu kama yatakayofuata, jipe miezi miwili mitatu utazame. Kuna anayejibu kwa ukali siku ile alafu baada ya wiki anakupigia anasema nimekosea, kaa uone daftari hili hapa, na huyo mimi ningempa nafasi bila wasiwasi. Kuna anayekujibu kwa upole mtamu, anakushika mkono, machozi kabisa, na Ijumaa unasikia faragha yako ikitolewa mafundisho. Hapo utakuwa tayari unajua umeona nini. Na muulize, kwa adabu tu, yeye anamjibu nani? Mwalimu wake ni nani, nani anaweza kumwambia hapana akasikia? Ukikuta hakuna hata mmoja duniani mwenye uwezo huo, hapo mimi ningeanza kufunga virago taratibu hata kama hela zote za jengo zipo.

Kuna mambo ambayo hayahitaji miezi miwili. Akikugusa kimwili au akitaka na kuita ni baraka, akikupiga au mtu akipigwa, akikwambia uache dawa za hospitali, akikutaka ukate ndugu zako, akikuapisha usimwambie mtu, unatoka siku hiyohiyo na unasema kwa mtu wa nje. Watu wa Shakahola kule Kenya walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wamwone Yesu, ambao miili yao zaidi ya 400 ilifukuliwa 2023, hawakuanza na kufa njaa. Kabla ya hapo waliambiwa hospitali na shule ni vya shetani. Zile hatua za kwanza ndo za kukataa, maana mwishoni mtu hana tena nguvu ya kukataa.

Wenzako wanaokukwepa, usiwachukie. Wengi wao wana swali hilohilo, wameona limekugharimu nini na wamejifunza kunyamaza. Wasalimie kama kawaida, usiwavute, usiwahubirie. Ninavyowajua watu walio kwenye hali hii, mmoja wao atakutafuta pembeni, mara nyingi usiku, kwa meseji fupi tu, akiuliza kama uko sawa. Mjibu.

Na kuhusu lile uliloniandikia mwishoni kabisa, kwamba kwa miaka sita umemwambia siri zako zote na unaogopa atazitumia. Woga wako una msingi, usijione mjinga. Kabla hujaenda kumuona, chagua mtu mmoja anayekupenda, ile siri inayokutisha kuliko zote mwambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Sio zote, hiyo moja. Baada ya hapo panga siku ya kuonana naye.